Majina ya wageni safi, ya kwetu bado: id.loc.gov na VIAF kwa maktaba za Tabora

Ukitaka kupima katalogi ya maktaba yoyote ya Tabora au Kigoma, anza na rafu ya sokwe wa Gombe. Mtafute Jane Goodall. Vitabu vyake vya mwanzo wa miaka ya 1970 vilitoka kwa jina la Jane van Lawick-Goodall. Vya baadaye vikatoka kwa jina la Jane Goodall. Katalogi inayonakili jalada tu humgeuza mtu mmoja kuwa waandishi wawili, na wakati mwingine watatu, kwa sababu mkutubi mmoja aliingiza "Van Lawick" na mwenzake "Lawick". Msomaji anayeandika "Goodall, Jane" huondoka na nusu ya vitabu, na nusu nyingine imekaa rafu ileile.

Kinachokosekana hapo ni faili la majina sanifu: kila mwandishi ana kichwa kimoja kilichokubaliwa, na majina yake mengine yote yanaelekeza kwenye hicho. Hakuna maktaba inayoweza kulitunza faili hilo peke yake, ndiyo maana maktaba za dunia zimegawana kazi. Tunatathmini hapa huduma mbili zinazotokana na mgawanyo huo, zote za bure kwa anayetafuta: id.loc.gov ya Maktaba ya Bunge la Marekani, na VIAF. Tunazipima kwa mkutubi wa Tabora anayetumia Koha, programu huria ya kuendeshea maktaba, na bando la simu.

Faili la majina lililomo id.loc.gov si kazi ya Wamarekani peke yao. Tangu 1977 kuna mpango uitwao NACO, ambapo maktaba shiriki hutengeneza na kusahihisha rekodi za majina kwa kanuni moja. Wenzao wa SACO hushughulikia vichwa vya mada. Kila rekodi ina namba yake ya kudumu. Inayoanza na "n", "no", "nr" au "nb" ni ya jina, inayoanza na "sh" ni ya mada. VIAF ni kitu kingine. Ilianza 2003 kwa makubaliano ya Maktaba ya Bunge la Marekani, maktaba ya taifa ya Ujerumani na OCLC, shirika la ushirikiano wa maktaba. Maktaba ya taifa ya Ufaransa ikajiunga baadaye, na tangu 2012 inaendeshwa na OCLC. VIAF haitungi jina lolote. Inachukua mafaili ya maktaba za taifa na kuziweka pamoja rekodi ambazo kompyuta inaona ni za mtu mmoja.

Rekodi moja ya NACO ina mambo machache ya kuzingatia. Kila sehemu ya rekodi huitwa fildi na ina namba yake. Fildi 100 ndiyo kichwa chenyewe, kwa mfano: Nyerere, Julius K. (Julius Kambarage), 1922-1999. Katika MARC, muundo wa kuandikia rekodi za maktaba kwenye kompyuta, mabano hayo yamo kwenye fildi ndogo $q na miaka kwenye $d, na mkutubi anayechapa vyote ndani ya $a ameshaiharibu rekodi kabla hajaihifadhi. Fildi 400 hubeba majina yasiyotumika, yale ya "Tazama". Fildi 500 ni "Tazama pia". Wengi huishia hapo, ilhali fildi yenye thamani kuliko zote ni 670: inasema jina limetoka kwenye kitabu gani, limeandikwaje ukurasa wa kichwa, na kama kuna mwaka wa kuzaliwa umepatikana wapi. Mwandishi mwingine mwenye jina hilohilo akitokea, 670 ndiyo itakayoamua kama ni yuleyule. Rekodi yenye 100 bila 670 haina ushahidi, na katika NACO haipiti.

Kuipata rekodi na kuileta Koha ni kazi ya dakika chache ukishajua njia. Kwenye id.loc.gov chagua kundi la majina kwanza, usitafute tovuti nzima, la sivyo utaletewa lugha, nchi na aina za vyombo vya muziki. Ukilijua jina kamili, huduma ya kutafuta kwa kichwa hukupeleka moja kwa moja: andika id.loc.gov/authorities/names/label/ kisha kichwa kama kilivyo, mfano Livingstone, David, 1813-1873. Koma au mwaka ukikosea, haitakupa kitu. Ukiwa na namba, ongeza .marcxml.xml mwisho wa anwani (n79021164.marcxml.xml ni ya Mark Twain, jaribu) upate faili dogo sana. Hilo ndilo la kupakua. Usijaribu kushusha faili zima la majina kwa bando. Lina uzito wa gigabaiti, na maktaba yenye vitabu elfu kumi haina kazi nalo.

Ndani ya Koha nenda kwenye kifaa cha kuandaa rekodi kwa ajili ya kuingiza. Aina ya rekodi iwe ya majina sanifu, si ya vitabu. Muundo uwe MARCXML na herufi ziwe UTF-8. Kisha chagua kanuni ya kulinganisha; ukiiacha wazi, jina ambalo tayari unalo litaingia tena kama jipya. Hapa ndipo maktaba nyingi hujijazia pacha bila kujua.

Sasa mipangilio, maana Koha yenye mipangilio mibovu huharibu hata rekodi safi. Kitabu huungwa na jina sanifu kupitia fildi ndogo $9. Kichwa kilichochapwa kwa mkono bila $9 ni maandishi tu, na ukirekebisha jina sanifu kitabu hicho hakitaguswa. Script ya link_bibs_to_authorities.pl huunga vitabu vya zamani kwa mkupuo; iendeshe kwanza kwa hali ya majaribio (-t) usome ripoti. LinkerModule iache kwenye Default, ambayo huunga pale tu inapopata jina moja linalolingana. Ukiweka FirstMatch, akina Juma wote watamwangukia Juma wa kwanza. AutoCreateAuthorities inavutia kwa sababu inatengeneza majina sanifu yenyewe, lakini inachotengeneza ni rekodi ya jina kwa kila kosa la uchapaji: "Nyerere, Julius", "Nyerere, J. K.", "Nyerere J.K", zote zikiwa na hadhi sawa. Tunashauri izimwe hadi usafi wa kwanza umalizike.

Kuna mpangilio mmoja ambao ukisahaulika kazi yote haionekani kwa msomaji: IncludeSeeFromInSearches. Ukiwa umezimwa, msomaji akiandika "Lawick-Goodall" hapati vitabu vilivyo chini ya "Goodall" hata kama 400 ipo. Uwashe, kisha tengeneza upya faharasa yote. Kazi hiyo ifanyike jioni kwenye seva yenye betri ya akiba. Umeme ukikatika katikati, asubuhi utakuta katalogi inayosema maktaba haina kitabu. Na ukirekebisha jina lililoungwa na vitabu zaidi ya 50, ambacho ni kikomo cha kawaida cha AuthorityMergeLimit, mabadiliko hayaingii papo hapo. Yanasubiri kazi ya usiku ya merge_authorities. Kama aliyesimika Koha yako hakuiwasha kazi hiyo, yatasubiri milele.

Kosa linalowasumbua zaidi wakutubi wa ukanda huu ni la alama ndogo kabisa: kiapostrofi cha ng'. Majina ya Kinyamwezi na Kisukuma yamejaa Ng'w-, na jina hilohilo huandikwa kwa kiapostrofi kilichonyooka, kilichopinda kulia, kilichopinda kushoto, au bila alama yoyote. Kwa jicho ni jina moja, kwa kompyuta ni manne. Kanuni za NACO za kulinganisha vichwa hufuta kiapostrofi kabla ya kulinganisha, kwa hiyo kwao Ng'wale na Ngwale ni kichwa kimoja, na watu wawili wanaotofautiana kwa alama hiyo tu lazima watenganishwe kwa mwaka au kwa kazi. Koha hufuata jinsi faharasa ilivyowekwa. Amueni alama moja, iliyonyooka ya kwenye kibodi, na mzibadilishe zote mara moja kwa MarcEdit, programu ya kuhariri rekodi za MARC kwa mkupuo. Jambo la pili la namna hiyo ni herufi zenye alama juu au chini. Maktaba ya Bunge la Marekani huzihifadhi zikiwa zimetenganishwa, herufi peke yake na alama peke yake, wakati kibodi yako hutoa herufi moja iliyounganika. Majina ya Kiarabu yaliyoandikwa kwa herufi za Kilatini huathirika sana, na mara nyingi Koha itakuambia jina halipo huku unaliangalia.

Kuhusu ubora wa majina yenyewe, huduma hizi zina sura mbili. Kwa wasafiri, wamisionari na watawala wa Ulaya waliopita Unyanyembe na Ujiji, faili la NACO halina mpinzani. Stanley yumo kama Stanley, Henry M. (Henry Morton), 1841-1904, na hakuna sababu ya maktaba ya Tabora kumtungia kichwa chake. Kwa viongozi wa kitaifa pia hali ni nzuri. Ukishuka kwa waandishi wa Kiswahili, wa vitabu vya kiada na wa historia za makabila, mambo hubadilika. Rekodi nyingi zina jina tu, bila mwaka, na 670 moja.

Tatizo la msingi ni kwamba kanuni zilizozoeleka hutafuta jina la ukoo. Majina yetu mengi ni la mtu, la baba na la babu. Shaaban Robert (1909-1962) ni mfano mzuri: Robert ni jina la baba, na katalogi mbalimbali humweka ama kwenye S ama kwenye R. Tippu Tip naye, aliyekuwa na nyumba Tabora, kwenye vitabu ni Hamed bin Muhammed, au Hamid, au el Murjebi, au Tippoo Tib kwa tahajia ya wageni. Msimamo wetu katika hili ni mkali kidogo: ukikuta kichwa kwenye faili la pamoja, kifuate hata kama hukipendi, na weka umbo unalolipenda kwenye 400 ya kwako. Msomaji wa Tabora atampata kwa jina analolijua, na siku mtakapobadilishana rekodi na maktaba nyingine hamtagombana. Anayebadilisha 100 kwa sababu ya ladha amejitoa kwenye ushirikiano bila kuaga.

Vyeo visiingie kwenye kichwa kwa mazoea. Mwalimu, Sheikh, Alhaji na Mchungaji vinasaidia pale tu majina mawili yamegongana na hakuna mwaka wala jina la kati la kuwatenganisha. Hapo hukaa kwenye $c. Angalieni pia alama "b" kwenye nafasi ya 32 ya fildi 008, yenye misimbo mifupi ya rekodi: maana yake rekodi hiyo imebeba watu kadhaa wenye jina moja ambao hawajatenganishwa. Usiiunge na mwandishi wako hata kama jina linafanana herufi kwa herufi.

Taasisi zinahitaji uvumilivu zaidi, na Tabora, ikiwa mji wa makutano ya reli, ina mfano wake mezani. Nyaraka za reli ya kati zimetolewa na East African Railways and Harbours, kisha East African Railways Corporation, kisha Tanzania Railways Corporation kuanzia 1977, kisha Tanzania Railways Limited mwaka 2007, kisha sheria ya 2017 ikairudisha Tanzania Railways Corporation. Kila jina ni rekodi yake, zikiungwa kwa fildi 510: $w yenye "a" huelekeza kwenye jina la zamani, yenye "b" kwenye la baadaye. Jina lililorudi ndilo mtego. Mashirika mawili ya vipindi tofauti yana jina moja, kwa hiyo huongezewa miaka kwenye mabano ili yasichanganyike. Ripoti ya 1985 na ya 2020 zikiwa chini ya kichwa kimoja, mtafiti wa reli atakosea hesabu zake.

Chuo Kikuu cha Dar es Salaam kwenye faili la NACO kimo kwa jina la Kiingereza, University of Dar es Salaam, kwa sababu chombo chenye majina katika lugha rasmi zaidi ya moja huchukuliwa kwa lugha ya maktaba inayoorodhesha. Maktaba inayoorodhesha kwa Kiswahili ina haki ya kuweka jina la Kiswahili kwenye 110 (fildi ya kichwa cha taasisi), mradi fildi 710 ya rekodi hiyo ya jina sanifu ibebe kichwa cha Kiingereza na namba yake. Bila kiungo hicho, umejijengea kisiwa.

Vichwa vya mada ndiyo sehemu inayotupa mashaka zaidi. Vyote ni vya Kiingereza. Wanyamwezi wamo kama Nyamwezi (African people), na ziwa la Kigoma limegeuzwa kuwa Tanganyika, Lake. Mwanafunzi wa sekondari haandiki hivyo. Njia inayofanya kazi ni kuweka vyote viwili kwenye rekodi ya kitabu: fildi ya mada, 650, yenye kiashiria cha pili 0 kwa kichwa cha Kiingereza, na 650 nyingine yenye kiashiria cha pili 7, $a Wanyamwezi, $2 local. Kwenye rekodi ya mada ya Kiswahili, nafasi ya 11 ya 008 iwe "z", na 750 ielekeze kwenye kichwa cha Kiingereza. Ni kazi mara mbili, kweli. Ila ikifanywa na maktaba moja kwa mada mia mbili zinazotumika sana (kilimo cha tumbaku, ufugaji wa nyuki, misitu ya miombo, uvuvi wa dagaa, ndoa, mirathi), nyingine zote zitanakili. Ukiona mada yenyewe haimo kabisa, lipo kundi la SACO linalokusanya mapendekezo ya mada za Afrika.

VIAF tunaipa alama za wastani. Faida yake kubwa ni kuona kwa ukurasa mmoja jinsi Wajerumani, Wafaransa na Waingereza walivyomwandika mtu mmoja, jambo linalosaidia kwa wamisionari wa Kijerumani na Mapadri Weupe ambao vitabu vyao vipo kwa lugha tatu. Hasara yake ni kwamba kompyuta huunganisha kwa kutazama miaka, majina ya vitabu na waandishi wenza. Rekodi isiyo na hayo hubaki pembeni, au huunganishwa na mtu baki mwenye jina hilohilo, na wanaopata balaa hilo kwa wingi ni waandishi wetu. Namba ya VIAF nayo hubadilika makundi yanapounganishwa au kutenganishwa. Itumie kuthibitisha, usiifanye kitambulisho pekee. Kwa wanataaluma walio hai, ORCID, namba ya kumtambulisha mtafiti, ni ya uhakika zaidi kwa sababu mwenyewe ndiye anayejiandikisha. Ni tarakimu 16 na ya mwisho inaweza kuwa X.

Matengenezo hayaishi. Vichwa vya watu walio hai huwa na mwaka wa kuzaliwa na kistari kilichoachwa wazi. Goodall alikuwa "1934-", akafariki tarehe 1 Oktoba 2025, na kila katalogi iliyobeba kistari hicho ikawa na jambo la kuangalia. Ripoti hii ndani ya Koha huorodhesha vichwa vyote vilivyo wazi:

SELECT authid FROM auth_header WHERE authtypecode='PERSO_NAME' AND ExtractValue(marcxml,'//datafield[@tag="100"]/subfield[@code="d"]') LIKE '%-'

Mara mbili kwa mwaka inatosha. Kila jina lililotokea lilinganishe na id.loc.gov, kama wenzako wamelifunga, pakua rekodi mpya juu ya ya zamani.

Tukija kwenye kuchangia, hapo ndipo huduma inapomwacha mkutubi wa Tabora nje. Kujiunga na NACO kunataka mafunzo, rekodi za mwanzo kukaguliwa na mtu mzoefu, na kiwango cha kazi kwa mwaka ambacho maktaba ndogo haikifikii. Kuna njia ya kuingia kwa kikundi, ambapo maktaba kadhaa huhesabiwa kama mchangiaji mmoja chini ya mratibu, na hiyo ndiyo inayofaa. COTUL, muungano wa maktaba za vyuo vikuu na utafiti Tanzania, au Bodi ya Huduma za Maktaba, inayotoa namba za ISBN na bibliografia ya taifa, ndizo zenye nafasi ya kuuanzisha. Mkoani, msisubiri. Maktaba ya mkoa, ya chuo na ya shule zinaweza kuwa na jedwali moja lenye safu tano: kichwa, majina mengine, kitabu kilichothibitisha, namba ya id.loc.gov kama ipo, na herufi za aliyeandika. Mtu mmoja tu awe na ruhusa ya kugusa safu ya kwanza. Wengine waongeze majina mengine na ushahidi. Jedwali lenye wahariri watano wa kichwa hufa kabla ya mwaka.

Shule yenye katalogi ya kadi kwenye droo za mbao bado inafaidika. Andika kichwa cha id.loc.gov juu ya kadi ya mwandishi, na kwa kila jina lisilotumika weka kadi fupi: "Lawick-Goodall, Jane van. Tazama: Goodall, Jane." Kadi za "Tazama" ziwe za rangi nyingine ili anayepanga droo asizitupe akidhani zimekosewa, na nyuma ya kadi kuu orodhesha kwa penseli majina yote yaliyowekewa kadi, la sivyo siku ya kubadilisha kichwa hutajua za kuzing'oa ni zipi.